Unataka kutafsiri wasifu wa zamani wa José Rizal kwa Kiswahili? Anzia hapa

Mi Rizal nilimjulia Muskati. Nilikuwa nafanya kazi stoo, nimepangwa chumba kimoja na Wafilipino wawili, na ukutani kwao kulikuwa na picha ya kijana kavaa koti zito la baridi, nywele kachana pembeni, nikajua ni ndugu yao marehemu. Siku nikauliza, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Wakaniambia huyo ni daktari wa macho, kaandika riwaya mbili, Wahispania wakampiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896 akiwa na miaka 35, na kila mwaka siku hiyo kwao ni sikukuu. Pia wakanirekebisha matamshi, ile z yake wao wanaitamka s, Risal.

Nimerudi nyumbani nikaanza kutafuta habari zake kwa Kiswahili, nikakuta mistari miwili mitatu tu basi. Ndo nikaamua kutafsiri, na nimepoteza karibu mwaka mzima kwa makosa ambayo we unaweza kuyakwepa ukisoma huu mwongozo mpaka mwisho. Hatua zenyewe hazilingani, zingine ni za nusu saa na zingine zitakukalisha wiki.

HATUA YA 1: Chagua wasifu, na umjue aliyeuandika anataka nini

Usichukue wa kwanza unaoukuta. Wasifu za mwanzo za Rizal zinazojulikana sana ni tatu na kila mwandishi anamvuta Rizal upande wake.

Kuna Ferdinand Blumentritt, mwalimu wa shule Leitmeritz huko Bohemia, rafiki yake wa kalamu. Rizal alimwandikia barua ya kwanza Julai 1886 akiwa Heidelberg, na siku moja kabla ya kuuawa bado alikuwa anamwandikia yeye. Kwaiyo huyo anaandika akiwa na msiba, andiko lake ni fupi, ni kama tanzia.

Wa pili ni Wenceslao Retana, Mhispania, kitabu chake kilitoka Madrid mwaka 1907 na ni kinene kweli kweli, kimejaa nyaraka. Sasa huyu Retana zamani alikuwa adui, alikuwa mwandishi wa magazeti upande wa serikali na watawa, aliwahi kuandika mambo ya kuichafua familia ya Rizal mpaka Rizal akamtaka wapigane kwa silaha, Retana akafuta maneno. Afu miaka inapita mtu yule yule anaandika kitabu cha kumlilia, na Miguel de Unamuno, mwandishi maarufu wa Hispania, anamwandikia hitimisho. Utaona anajitahidi sana kuonesha kwamba Rizal moyoni alikuwa Mhispania.

Wa tatu ni Austin Craig, Mmarekani aliyekuwa anafundisha Manila, kitabu chake ni cha mwaka 1913 na kiko bure Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni. Hiki ndo nilichochukua mimi maana Kiingereza changu ni kizuri kuliko Kihispania changu. Ila angalia, sura yake ya kwanza tu inamwita Rizal mtangulizi wa Marekani! Marekani waliinunua Ufilipino kwa Hispania kwa dola milioni 20 mwaka 1898, mwaka uliofuata wakaanza kupigana na Wafilipino wenyewe, na walipotulia walihitaji shujaa ambaye hakushika bunduki. Craig hadanganyi, kafanya utafiti wa hali ya juu hasa kwenye ukoo, lakini anakaa upande fulani wa meza na msomaji wako lazima aione hiyo meza.

Andika karatasi moja, kwa maneno yako, mwandishi huyu anamtaka Rizal aweje. Ibandike juu ya kompyuta. Utaihitaji kila utakapojikuta unataka kumpunguza makali au kumwongezea. Kazi yako ni kumwacha aseme alichosema, hata kinachokukera, afu mabishano yako uyaweke kwenye utangulizi ama maelezo ya chini ya ukurasa. Mi sura ya kwanza niliipunguza chumvi kimya kimya, nikaona nawasaidia wasomaji, baadae nikafika sura za mwisho nikakuta hazieleweki kwa sababu anarudi kwenye hoja ambayo mimi nilishaifuta. Nikaanza upya.

HATUA YA 2: Haki miliki

Fupi tu. Tanzania na Kenya hesabu ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Retana kafa 1924, huyo ameshatoka. Kwa Marekani kitabu cha 1913 ni mali ya wote. Ila tafsiri mpya za Kiingereza za barua na mashairi ya Rizal zina wenyewe, usije ukatafsiri kutoka kwenye tafsiri ya mtu aliye hai ukadhani ni Rizal mwenyewe anaongea. Rizal ni huru, mtafsiri wake wa juzi sio huru.

HATUA YA 3: Jedwali la majina kabla hujatafsiri hata sentensi moja

Fungua eksel. Safu ya kwanza jina kama lilivyo kitabuni, ya pili utakavyoandika wewe, ya tatu ni nani, ya nne undugu. Utaniona nachosha lakini subiri.

Familia hii ina majina kama watu wa Pwani, kila mtu ana matatu. Babu wa babu yao upande wa baba alitoka China, Domingo Lam-co, akabatizwa Manila mwaka 1697. Ukoo ukachukua jina la Mercado, maana yake soko, na walikuwa wafanyabiashara kweli. Mwaka 1849 gavana Narciso Clavería akatoa amri watu wachukue majina ya ukoo yaliyopangwa, baba yao Francisco akaongeza Rizal. Kaka mkubwa, Paciano, akaendelea kujulikana kama Mercado, na alikuwa karibu na padri José Burgos, ambaye aliuawa tarehe 17 Februari 1872 pamoja na mapadri Gomez na Zamora. Basi José alipopelekwa shule Manila akaandikishwa kwa jina la Rizal ili asihusishwe na kakaake. Kwaiyo ukiona Mercado na Rizal ukurasa mmoja usishangae ni tumbo moja, na jedwali lako liseme hivyo, la sivyo ukifika ukurasa wa mia utakuwa na watu wawili ambao ni mtu mmoja.

Safu ya nne ndo yenye kesi. Kiingereza na Kihispania vinaficha undugu, Kiswahili hakikubali kuficha. Ukikuta wanasema ndugu wa kike wa Rizal, sisi tunauliza mkubwa au mdogo? José alikuwa wa saba kati ya watoto kumi na mmoja, na wa kike walikuwa tisa, kwaiyo huwezi kuwaita wote dada. Saturnina ni dada yake, ndo mkubwa wa wote. Trinidad kazaliwa 1868, José ni wa 1861, huyo ni mdogo wake. Mi niliandika dada yake Trinidad ukurasa mzima mpaka nilipokaa kuhesabu miaka. Na yule José Alberto ambaye kesi ya mkewe ilimfanya mama yao Teodora atembezwe kwa miguu kutoka Calamba, mji wa kwao, mpaka Santa Cruz na kufungwa zaidi ya miaka miwili, usimwandike baba mdogo, ni ndugu wa Teodora, yaani ni mjomba. Kwa msomaji wetu hiyo sio habari ndogo, mama kafungwa kwa ajili ya mambo ya nyumba ya ndugu yake wa kiume, hapo hata bibi kijijini anaelewa uzito wake bila maelezo.

HATUA YA 4: Orodha ya maneno magumu

Hapa ndo utakaa wiki, na ukae.

Indio. Wahispania waliwaita wenyeji indio. Kiingereza cha zamani kinaweka neno ambalo ukilala kidogo tu unaandika Mhindi, na msomaji wako wa Dar au Mombasa anaona duka la nguo. Acha indio, eleza mara moja kwamba ni jina la dharau la mwenyeji, endelea. Na usilibadilishe kuwa mwenyeji kila mahali, kwa sababu mwaka 1889 Rizal na wenzake wakiwa Paris walijiita Indios Bravos, yaani waliichukua ile tusi wakaivaa kama kofia. Ukishaifuta tusi mwanzoni, hapo Paris hakuna kinachoeleweka.

Mfilipino. Zamani neno hili lilikuwa la Wahispania waliozaliwa kule visiwani. Rizal na kizazi chake ndo walilipanua likawa la wote. Sasa ukiandika Wafilipino kwenye habari za mwaka 1700 unakuwa umeshamaliza hadithi kabla haijaanza. Mi natumia wenyeji wa visiwa, au Watagalogi, watu wa kabila la Rizal, pale ninapojua ni wao, mpaka kitabu kifike miaka ya 1880.

Watawa na mapadri. Sisi wamisionari wote tunawaweka kapu moja. Hapa haiwezekani. Wajesuiti ndo walimfundisha kwenye shule yao ya Ateneo, Manila, na aliwaheshimu, Wadominiko ndo wenye ardhi ya Calamba waliokuja kuifukuza familia yake. Bahati nzuri Kanisa letu lina maneno tayari: mtawa, shirika, Wadominiko, Wafransisko, Waaugustino, paroko. Tumia paroko bila woga, lile neno limeingia mpaka kwa wasio Wakatoliki. Usiandike mchungaji, nakuomba.

Hacienda. Niliandika shamba, mtu akaniuliza kwani familia nzima ya daktari ilikuwa inalima shamba la mission? Hapana, mji mzima wa Calamba ulikuwa ndani ya ile ardhi. Nikaweka milki ya Wadominiko. Na waliokodi ile ardhi usiwaite maskwota, maana skwota akilini mwetu ni mtu wa kibanda, wakati baba yake Rizal alikuwa na nyumba ya mawe na maktaba. Ni watu wenye hela wasio na hati. Hilo ndo liliwaua, hela bila hati.

Gobernadorcillo. Kichwa cha mji, mwenyeji, anachaguliwa na wakubwa wenzake, anakusanya kodi na kulaumiwa na kila upande. Nilijaribu akida, ikanukia Mjerumani. Liwali ikanukia Sultani. Nikaishia jumbe, nikaeleza mara moja. Ila kuna cheo cha chini yake, mkuu wa kaya kama arobaini hamsini hivi, na najua mkono utakuwasha uandike balozi wa nyumba kumi. Inachekesha, inaeleweka papo hapo, lakini usifanye hivyo, balozi wa nyumba kumi ni wa TANU na msomaji atavaa shati la kijani kichwani mwake. Acha cabeza kwa herufi za mlalo.

Filibustero. Hii ni nzuri. Riwaya ya pili, El Filibusterismo, iliyochapwa Ghent mwaka 1891, jina lake limetoka hapa. Kamusi zitakupeleka kwenye uharamia wa baharini. Rizal mwenyewe alimweleza Blumentritt mwaka 1887 kwamba sio haramia, maana yake huko kwao ni mzalendo hatari ambaye karibuni atanyongwa, ama mtu anayejiona. Na kwamba alilisikia mara ya kwanza mwaka 1872 wakati mapadri wale watatu wanauawa, na baba yao akawakataza watoto kulitamka. We fikiria, neno linakatazwa ndani ya nyumba. Kiswahili tuna neno ambalo wazee wetu walilijua kwenye mahakama za mkoloni: mchochezi. Nikaweka mchochezi na sijajuta.

HATUA YA 5: Uhuru au ukombozi?

Nimeipa hatua yake peke yake kwa sababu hapa Rizal mwenyewe alikwama kabla yetu.

Wengi hawajui kwamba alikuwa mtafsiri. Alitafsiri Wilhelm Tell ya Schiller kutoka Kijerumani kwenda Kitagalogi, na hadithi tano za Andersen kwa ajili ya watoto wa nduguze. Oktoba 1886, akiwa Leipzig, alimwandikia kakaake Paciano akalalamika kwamba maneno yanamkosa, kwa mfano lile la Kijerumani la uhuru. Kitagalogi kina kaligtasan, akasema halifai, kwa sababu linamaanisha mtu alikuwa kwanza kifungoni au utumwani ndo akatolewa. Kitabu pekee cha Kitagalogi alichokuwa nacho, Florante, hakikumsaidia. Mwishowe akalipata kalayahan kwenye tafsiri ambayo mwandishi mwenzake Marcelo del Pilar aliifanya ya makala ya Rizal mwenyewe! Yaani lugha yake alirudishiwa na mtafsiri wake.

Sasa njoo kwetu. Kukomboa ni kulipa ili kitu au mtu atoke alikoshikwa, unakomboa rehani, unakomboa mateka. Ukombozi ni kaligtasan ile ile, unataka kuwe na kufungwa kwanza. Uhuru nalo tusijidanganye ni safi, huru zamani Pwani alikuwa mtu asiye mtumwa, na mwachwa huru ni mtumwa aliyeachiwa. Lakini toka 1961 na 1963 uhuru limeota maana ya nchi kujitawala, bendera, mwenge juu ya mlima. Ukiandika kwamba Rizal alidai uhuru, msomaji anasikia bendera, wakati kwa miaka mingi alichodai ni Wafilipino wapewe wabunge Madrid na haki sawa mbele ya sheria. Kwaiyo sheria yangu: uhuru wa mtu, wa kusema, wa mawazo, naandika uhuru. Kujitenga na Hispania naandika kujitawala. Ukombozi naliacha mpaka nifike kwa Andrés Bonifacio na Katipunan yake ya mwaka 1892, chama cha siri cha mapinduzi, wale walijiona wamefungwa kweli.

Na tukiwa hapo hapo, usimwite mpigania uhuru. Najua ni sentensi inayokuja yenyewe, tumeikariri toka darasa la tatu. Lakini Desemba 1896, akiwa gerezani, aliandika waraka wa kulaani yale mapigano. Unaweza kumtetea au kumlaumu, ila ukishampachika cheo kile mwanzoni, msomaji akifika hapo atakuona muongo. Shujaa wa taifa inatosha.

HATUA YA 6: Tafsiri yenyewe

Sentensi za Craig ni ndefu kama foleni ya Mbagala. Usizifuate. Kiswahili kina -ka-, na -ka- inakimbia: Mei 1882 aliondoka Manila kwa siri, akapita Singapore, akapita Colombo, akagusa Aden, akavuka Suez, akashuka Marseille, akapanda treni mpaka Barcelona. Sentensi moja, nusu ya dunia. Ila usiandike sura nzima kwa -ka-, inageuka hadithi ya sungura. Pale mwandishi anapochambua rudi kwenye -li- na vituo vya kutosha. Ukikwama, soma Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert uone Kiswahili kinavyosimulia maisha ya mtu bila kuharakisha na bila kupiga porojo.

Saa! Rizal aliuawa saa moja na dakika chache asubuhi. Kwenye rasimu yangu niliandika saa saba asubuhi. Hakuna saa saba asubuhi. Nililiona siku namsomea mke wangu, akauliza, mlimpiga risasi mchana mkamwita asubuhi? Pitia kitabu chote tafuta kila saa, uondoe sita au uongeze sita.

Fedha acha peso. Rafiki yake Máximo Viola alimkopesha peso 300 riwaya ya kwanza ikachapwa Berlin mwaka 1887, nakala 2,000. Usigeuze kuwa shilingi, kesho shilingi sio ile.

Majina ya riwaya yaache Kilatini na Kihispania, eleza mara moja. Noli Me Tangere, ile ya kwanza, ni Usinishike, Yohana 20:17, na kila aliyepita sekondari ya misheni ataitambua. Kuna kichekesho hapo, Rizal kwenye barua alisema maneno hayo katoa Injili ya Luka. Kakosea. Na kwenye kutabaruku riwaya ya pili kwa wale mapadri watatu kaandika waliuawa tarehe 28 Februari, wakati ni 17. Utafanyaje? Ndani ya maandishi yake acha kosa kama lilivyo, chini ya ukurasa andika sahihi. Shujaa akikosea tarehe ni haki yake, we mtafsiri huna haki ya kumsahihishia daftari. Kosa la Craig mwenyewe ni hivyo hivyo.

Ile sura ya kifo Craig kaipa jina la Kilatini, maneno ya Yesu msalabani ambayo Rizal inasemekana aliyatamka. Usihangaike, ni Imekwisha, Yohana 19:30. Neno moja tu, na usiongeze.

Kitu kingine kinachopotea ni lugha ndani ya lugha. Jioni ya mwisho Trinidad alipokuja gerezani, Rizal alimkabidhi jiko dogo la spiriti la zawadi, akamwambia kwa Kiingereza kwamba ndani kuna kitu. Kwa Kiingereza, kwa sababu walinzi ni Wahispania hawakijui. Humo ndo lilikuwa limefichwa shairi lake la mwisho. Kitabu cha Kiingereza kila mtu anaongea Kiingereza kwaiyo jambo lenyewe halishtui, kwako lazima useme waziwazi kwamba hapo alibadilisha lugha, ikiwezekana weka kwenye sentensi fupi peke yake ili msomaji asimame.

HATUA YA 7: Shairi

Wasifu wowote wa Rizal utakufikisha kwenye shairi la mwisho. Hakulipa jina, hilo jina tunalolijua, Mi último adiós, waliliweka wengine. Usilitafsiri kutoka Kiingereza hata kama umechoka, nenda kwenye Kihispania na kamusi, ni beti 14 tu.

Sasa sikia, kila ubeti una mistari mitano. Mitano! Sisi tuna takhmisa, tumeimbia habari za Liyongo kwa mistari mitano mitano. Vina vyake havikai kama vyetu, mstari wa kwanza, wa tatu na wa nne vinalingana, wa pili na wa tano vinalingana, lakini nyumba ni ile ile ya vyumba vitano.

Neno la kwanza ni adiós. Nilianza na kwaheri, likawa jepesi, kwaheri ni ya stendi. Kumbe tuna buriani, la kuagana na kuombana radhi pale ambapo huenda hamtaonana tena. Basi nikapima mizani nane kwa nane:

Buriani nchi yangu, uliyependwa na jua,
Lulu ya bahari kuu, Edeni tuliyopokwa.

Nafurahi na wa kwanza. Wa pili unanidai. Rizal alisema lulu ya bahari ya Mashariki, Mashariki yangu imezama kwa sababu ya mizani. Na yeye alisema Edeni iliyopotea. Hesabu: E-de-ni i-li-yo-po-te-a, tisa, imezidi moja. Nikaweka tuliyopokwa, imekaa, lakini sasa nimemleta mwizi ambaye kwenye mstari wake hayupo. Mtu anayejiandaa kufa saa chache zijazo kaamua kusema imepotea, na mimi niko kwenye kochi nasema tumepokwa. Nimejaribu Edeni ilopotea, nane kamili, ile lugha ya washairi wa Pwani ya kukata -iy-, na nadhani nitarudi huko, ijapokuwa sikio langu la bara linagoma.

Ukishindwa mizani weka nathari, wala sio aibu, bora nathari iliyo kweli kuliko vina vilivyoongeza watu.

HATUA YA 8: Msomee mtu

Mi siamini kusoma kwa macho. Msomee kwa sauti mtu ambaye hajui hata Ufilipino iko wapi, na usimweleze chochote. Pale anapokatisha ndipo pana kazi. Mke wangu alinikamata kwenye saa. Mjomba wangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alinikatisha mara moja tu, kwenye milki ya Wadominiko, akauliza hati ilikuwa kwa nani, ndo nikajua neno milki limefanya kazi. Na nilipomaliza sura ya kifo alikaa kimya, afu akauliza, "Na yule kaka yake aliyemsomesha, naye aliishia wapi?"

Nikarudi kwenye kitabu. Craig hawezi kumjibu mjomba, maana kitabu ni cha 1913 na Paciano wakati huo alikuwa hai. Nikaongeza maelezo chini ya ukurasa: Paciano aliingia vitani akawa jenerali wa mapinduzi, vita ilipoisha akarudi kulima, akafa mwaka 1930.